Misambi Niliowahesabu, Jiwe Nililolisugua

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa jumeli, ile darubini ya kutazamia ndege, wala sare, wala viatu. Nilipewa brashi ya waya yenye mpini wa mti, ndoo, na maagizo. Nilikuwa nimeamka mapema, nikafunga kilemba kipya na kuwaaga majirani wa mtaa wetu wa Waswahili pale Rumonge kana kwamba nakwenda Bujumbura kuonana na waziri. Mama alinifungia vipande viwili vya sabuni ya mawese aliyoipika mwenyewe, akasema mfanyakazi wa ofisi hatakiwi kunuka jasho. Kumbe sabuni ile haikuwa ya mwili wangu. Ilikwenda kuogesha jiwe.

Kituo chetu kilikuwa juu ya mji, mahali mashamba ya michikichi yanapokwisha na msitu wa hifadhi unapoanza. Chini yake, kati ya msitu na ziwa, kulikuwa na kinamasi cha matete na mafunjo. Juu ya kinamasi ulitokeza mwamba mpana kama sebule, na nyuma yake kulikuwa na ukuta wa mawe uliochuruzika maji mwaka mzima. Mwamba ule tuliuita Jiwe la Zamu, kwa sababu hapo ndipo walinzi walipokaa kuhesabu misambi. Kama wewe si mtu wa huku, musambi ni yule ndege mrefu wa kijivu mwenye kishungi cha nyuzi za dhahabu kichwani, ambaye vitabuni wanamwita korongo taji.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Alinipeleka mwenyewe hadi kwenye jiwe, akanionyesha manyoya ya kijani yaliyolifunika, yamelowa, laini, yakiteleza. Masika yaliyopita mlinzi mmoja alikuwa ameanguka pale akavunjika mguu, na mkuu hakutaka kuandika ripoti nyingine ya mguu.

"Jumeli utapata ukishajua kazi," aliniambia. "Leo futa hii jiwe mpaka nione sura yangu ndani."

Nilikasirika, lakini mimi nikikasirika ndipo ninapofanya kazi vizuri. Nilianza na brashi kavu. Kila ilipojaa nilikwenda nyuma, kwenye ule ukuta wa maji, nikaipigapiga pale mpaka uchafu ukatoka, kisha nikarudi. Waya ukibaki na uchafu unashika kutu, na mama yangu hakunilea niharibu chombo cha watu. Mwishowe nikapaka sabuni ya mawese na mchanga, nikasugua, nikamwaga maji yakateremka kwa mbele. Saa sita mchana jiwe lilikuwa jeupe kama sahani ya mgeni.

Mlinzi mkongwe, Mzee Bonaventure, alipanda kuja kuangalia. Alizunguka jiwe mara moja, akakaa, akasimama tena akijipapasa nyuma.

"Mwanangu," akasema, "umeniondolea godoro yangu."

Tulicheka sana. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwasimulia watu kichekesho hicho, na kila mara nikicheka.

Mzee Bonaventure ndiye aliyenifundisha kuhesabu ndege, na ninyi mlioajiriwa juzi mkiwa na simu zinazopiga picha mpaka ng'ambo ya Kongo, hebu nisikilizeni kidogo. Musambi hahesabiwi akiwa chini. Akiwa kwenye matete unaona vichwa vitatu, unaandika vitatu, kumbe wako saba na wanne wameinama. Wakitua jioni wanazunguka, utawahesabu mara mbili. Mahesabu ni ya alfajiri, wakati wanapoondoka kwenye miti waliyolala. Wanaondoka wawili wawili, mume na mke, na wakipita juu yako wanaita. Sikio linahesabu kabla ya jicho. Wawili wakifuatwa na mmoja au wawili wenye shingo za kahawia, hao ni watoto wa mwaka ule, nao wana safu yao peke yao kwenye fishi, ile karatasi ya kujazia hesabu. Safu hiyo ndiyo Mzee Bonaventure aliyokuwa anaangalia kwanza. Ikiwa tupu, hakula vizuri siku hiyo.

Nilipopata jumeli, miezi minane baadaye, nilielewa kwa nini mtu mzima anaweza kukosa hamu ya chakula kwa ajili ya ndege. Niliwaona wakicheza. Musambi anainamisha kichwa, anafungua mbawa, anaruka juu kama mtu aliyekanyaga kaa la moto, anaokota kijiti, anakitupa hewani, na mwenzake anamjibu. Hawafanyi hivyo kwa ajili yetu. Lakini ukiwatazama unahisi umealikwa, na hapo ndipo shida yao yote inapoanzia. Kila anayewaona anawataka. Watu wenye nyua kubwa wanataka jozi moja itembee kwenye majani mbele ya wageni. Basi vifaranga vinaokotwa, mbawa zinakatwa, na ndege anayeishi miaka mingi anaimaliza akizunguka ua.

Kabla ya kila mahesabu nilisugua jiwe. Hakuna aliyeniagiza tena. Ilikuwa desturi yangu. Brashi kavu kwanza, kwenda nyuma kuipigapiga ukutani, kurudi, sabuni mwishoni. Wengine waliposhika zamu ya kusugua nilikwenda kukagua na kidole.

Kisha nikahamishwa. Miaka ya vita nilikuwa Kabezi, kwenye pepinieri, yaani kitalu cha miche. Mkuu wetu pale alikuwa fundi wa misitu aliyezungumza na miche kwa Kifaransa, na sisi kwa Kirundi. Kuhesabu ndege hakukuwepo. Tulipanda tu, na siku nyingine tulijificha. Sitaki kuieleza zaidi ya hapo, isipokuwa kwamba nilijifunza kuinama. Mtu anayelinda ndege huzoea kutazama juu. Kitaluni nilijifunza kwamba mche mmoja unaweza kufa kwa sababu ya kitu kidogo kuliko ukucha, na ukitaka kukijua lazima upige magoti.

Kutoka Kabezi nilipelekwa Kabonga, kule chini karibu na mpaka wa Tanzania, kukagua mizigo kwenye mwalo. Mkuu wa posti alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyependa utaratibu. Alinifundisha kwamba kifaranga cha musambi husafirishwa ndani ya kapu la ndagala wakavu, kwa kuwa harufu ya dagaa inaficha kila kitu na hakuna mkaguzi anayependa kuingiza mkono mle. Mimi ni mtoto wa Rumonge. Niliingiza mkono.

Lakini ninayemkumbuka zaidi wa Kabonga hakuwa kwenye kapu. Alikuwa musambi mkubwa, aliyelala mlangoni kwa mama mmoja wa Kivu, muuza ndagala, ambaye majirani walimwita Mama Furaha. Alimpata akiwa kifaranga, akamlisha vipande vya dagaa, akamkata mbawa asije akapotea. Ndege alimfuata mpaka mtoni. Sheria ilisema achukuliwe, na mkuu wa posti akanituma mimi kwa sababu nilikuwa mwanamke.

"Mama, mi sikumuiba," aliniambia. "Mi namupenda. Nani anamupenda kunipita mimi?"

Nilimchukua. Tulimweka nyuma ya posti, akakataa kula siku tatu, siku ya nne akala kidogo, na hakuwahi kuruka mpaka alipokufa. Nililia siku hiyo, si kidogo, na mkuu wa posti alinipa ruhusa niende nyumbani. Tangu hapo nilikuwa nawaambia watu kwamba musambi anamalizwa na mapenzi. Nilidhani nimemaliza kuelewa jinsi kiumbe anavyopotea duniani.

Niliporudi Rumonge nilikuwa mtu mzima, mkubwa wa kikosi cha mahesabu. Mzee Bonaventure alikuwa ameshafariki. Jiwe lilikuwa pale pale. Nilichukua brashi ile ile, ambayo ilikuwa imetunzwa stoo, nikaanza upya desturi yangu, na nikawafundisha walinzi wapya. Misambi ndio waliokuwa wamepungua. Ziwa lilipoanza kupanda, likaingia nyumba za watu wa chini na kula nusu ya kinamasi, walipungua zaidi. Kwenye fishi yangu kulikuwa na miaka ambayo ile safu ya shingo za kahawia haikuwa na kitu.

Mkuu wa hifadhi nzima wakati huo tulimwita Konservateri. Alikuwa mtu mwenye nia njema na haraka nyingi. Ulipobaki mwaka mmoja nistaafu, aliniita ofisini akaniambia mpango wake. Juu ya Jiwe la Zamu atajenga kibanda cha saruji cha kutazamia misambi, chenye viti na paa, ili wageni waje, na wageni wakija, watu wa juu watakubali kwamba kinamasi kina maana na hawatakigawa kuwa mashamba ya mpunga. Na kibanda kitaitwa kwa jina langu. Aliniandikia kwenye karatasi nione: Kibanda cha Mama Asha.

Sitajifanya mnyenyekevu. Nilifurahi mno. Mimi ni binti wa mpika sabuni. Nyumbani kwetu hakuna jina lililowahi kuandikwa ukutani. Niliichukua ile karatasi, nikaikunja, nikaiweka kwenye kanga, na usiku niliwasomea wanangu kwa simu mmoja baada ya mwingine. Mchanga ulikuwa umeshapandishwa mpaka nyuma ya kituo. Mifuko ya saruji ilikuwa inasubiriwa.

Wiki hiyo hiyo akaja Spès.

Alikuwa binti mwembamba kutoka Bujumbura, msomi wa mimea wa chuo kikuu, na mkoba mgongoni uliokuwa mkubwa kuliko yeye. Alikuwa na ruhusa ya siku tatu. Alikuja kutafuta kuvumwani, ndivyo alivyoiita kwa Kiswahili cha vitabu, na sisi tulipomkodolea macho akasema: yale manyoya ya mawe. Aina moja tu. Mtu mmoja zamani aliiokota juu ya Rumonge, akaikausha, akaiweka kwenye bahasha, na juu yake akaandika mahali: mwamba mchafu wa majimaji, juu ya kinamasi, mbele ya ziwa. Tangu hapo hakuna aliyeiona tena hapa kwetu, na mahali pengine ilikojulikana pamekauka pamoja na vijito vyake.

Konservateri alimsikiliza akiangalia saa. "Mademoiselle," akasema, "mimi niko na watu wanane na ndege wanakwisha. Wewe unaniambia nilinde ukungu?" Lakini ruhusa ilikuwa na muhuri, kwa hiyo akanipa kazi ya kumwongoza, na akamwambia kwamba siku ya nne mafundi wataanza kuchimba.

Siku ya kwanza nilimchukulia kama mchezo. Nilikuwa nimezoea wataalamu wa ndege, watu wa kutembea kimya na kutazama mbali. Huyu alitembea kwa magoti. Alikuwa na fremu ndogo ya vijiti aliyoiita kwadra. Anaiweka juu ya jiwe, anahesabu kilichomo ndani yake tu, kisha anaisogeza. Shingoni alining'iniza lupu, kioo kidogo cha kukuza, na ili kuona lazima uweke jicho lako karibu na kioo na kioo karibu na jiwe, mpaka pua inagusa. Siku nzima tulisogea umbali ambao mimi na Mzee Bonaventure tungeuvuka kwa pumzi moja.

Lakini mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Nilianza kumuuliza kama ninavyouliza habari za ndege. Anakula nini? Akajibu kwamba hali kitu. Hana mizizi, anakunywa kwa mwili mzima, mvua ikimgusa ameshiba. Anazaa vipi? Akanichorea kijiti chembamba chenye kijungu kidogo juu, na kijungu kina kifuniko, kikifunguka vumbi linatoka na upepo unalichukua. Anahama? Hahami, ila kipande chake kikivunjika na kuangukia mahali penye maji, kinaweza kuanza maisha upya. Adui yake nani? Hapo alifikiri.

"Hana adui, Mama Asha," akasema. "Hakuna mutu anamuchukia. Hakuna mutu anamujua."

Nikamweleza habari za Mama Furaha wa Kabonga. Tukakaa pale tukilinganisha, yeye na manyoya yake, mimi na misambi wangu, mpaka jua likageuka. Musambi ana wimbo, ana ngoma, ana taji, hata mtoto wa shule anamchora. Huyu wa pili hana sauti wala harufu. Mmoja anaibiwa kwa sababu anaonekana. Mwingine anakanyagwa kwa sababu haonekani. Mmoja ukimpoteza, asubuhi ile ile utajua, kwa kuwa angani pamekuwa kimya. Mwingine utampoteza na chai yako utakunywa vizuri tu. Niliona ni hesabu ya ajabu, na niliipenda. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtoto aliyepewa mwalimu mpya.

Siku ya pili hatukupata kitu. Juu ya Jiwe la Zamu hapakuwa na hata doa la kijani. Spès alishangaa, maelezo ya bahasha yalifanana na mahali hapa mno. Saa tisa alasiri alichoka, akafungua ile bahasha, aliyokuja nayo mkobani, ili nione tunachotafuta. Ndani mlikuwa na kifundo kikavu cha rangi ya kahawia, kama makapi yaliyobaki baada ya kupepeta. Alibana kipande kidogo, akakiweka kwenye kifuniko cha chupa, akadondosha maji.

Nikaona kinafunguka. Hakikuwa hai, alinieleza, kimekufa siku nyingi, lakini umbo lake linakumbuka maji. Vijani vilijikunjua kimoja kimoja kama vidole vya mtu anayeamka. Vijiti vyekundu vikasimama. Na mimi nikaijua. Nikaujua ule wekundu. Niliuona siku yangu ya kwanza kazini, umeshika kwenye waya za brashi, nikadhani ni kutu.

Nilimwambia kichwa kinauma, nikateremka. Nyumbani nilikaa na ile karatasi ya Konservateri mkononi. Nilijiambia ni zamani, ni amri ya mkuu, mtu alikuwa amevunjika mguu. Yote yalikuwa kweli. Nilijiambia pia kwamba Spès ataondoka kesho, ataandika haikuonekana, saruji itamwagwa, na jina langu litakaa juu ya jiwe. Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililoniondolea usingizi. Maana nilijua kazi yangu yote ilikuwa kuandika kwenye fishi kile nilichokiona, si kile nilichokitaka.

Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta ameshapanda, amepiga magoti.

"Mademoiselle," nikamwambia, "ile kitu unatafuta, mi naijua. Ilikuwa hapa, jiwe muzima. Niliifuta mimi. Na sabuni ya mama yangu."

Alikaa chini. Nilitegemea atalia au atakasirika, na ningempa haki. Lakini na yeye alikuwa na ugonjwa kama wangu. Aliniuliza nilifuta mara ngapi, nikamwambia kila mwaka kabla ya mahesabu, na nilipokuwa mbali wengine waliendelea. Akauliza nilianza na sabuni au na brashi. Nikamwambia brashi kavu kwanza, huwezi kupaka sabuni juu ya uchafu. Akasimama taratibu.

"Na ile uchafu ya ndani ya brashi, ulikuwa unatupa wapi?"

Nilimshika mkono nikampeleka nyuma, kwenye ukuta unaochuruzika maji, mahali ambapo kwa miaka yote ile sikuwahi kutazama, kwa kuwa mtu akipigapiga brashi anafumba macho vumbi lisimwingie.

Ilikuwa pale. Si nyingi. Vipande vitano, sita, kikubwa kimetosha kiganja, vimepangana kwenye ukuta kwa usawa mmoja. Spès aliweka lupu, kisha akanipa nami nione. Vijiti vyekundu vilisimama na kofia zao. Nilipoondoa jicho nilinyoosha mkono wangu kama mtu aliyeshika brashi, na mkono ukafika pale pale. Ulikuwa usawa wa bega langu. Chini ya hapo hapakuwa na kitu, na juu ya hapo hapakuwa na kitu.

Nililia. Sijui kama ilikuwa aibu au furaha, na Spès hakuniuliza, ndiyo maana nampenda mpaka leo.

Kwa Konservateri tulikwenda pamoja, lakini nilimwomba Spès aniache niseme mimi. Nilimweleza yote, jiwe, brashi, sabuni, ukuta. Nikamwambia msingi wa kibanda ukichimbwa pale, maji ya nyuma yatageuzwa njia na ukuta utakauka. Alinisikiliza bila kutazama saa.

"Unataka niandike nini katika ripoti, Mama Asha?" akaniuliza. "Kwamba mulinzi wangu mukubwa ndiye alifuta?"

"Andika hivyo," nikasema. "Na andika pia mahali brashi ilipigwa."

Nilitoa ile karatasi kwenye kanga, nikaiweka mezani pake. Aliitazama, akaniambia kibanda kinaweza kujengwa mahali pengine na bado kikabeba jina langu. Nikamkatalia. Ningekuwa nakitazama kila siku nikikumbuka nilivyokaribia kunyamaza kwa ajili yake.

Kibanda kilijengwa chini, karibu na barabara ya mawe. Najua mnalalamika, ninyi vijana wa zamu. Kutoka pale matete yanaziba upande wa kaskazini, na misambi wanaoondokea upande ule mnawasikia tu. Mnanung'unika kwamba hesabu za sasa haziwezi kulinganishwa na za zamani. Ni kweli, haziwezi. Mahesabu yangu ya mwisho niliyafanya hapo, na niliandika pembeni ya fishi kwamba sijui kama ndege wamepungua au ni macho yangu yamewekwa mahali pabaya. Wa kulaumiwa ni mimi, na mkitaka kunilaumu nyumba yangu mnaijua, karibu na kiwanda kidogo cha sabuni. Ila mwaka ule nilisikia, nyuma ya matete, sauti nyembamba iliyofuata zile mbili nene. Sikuiandika, kwa sababu sikumwona. Lakini niliisikia.

Siku ya kuniaga, Konservateri alihutubia vizuri. Kulikuwa na fanta na brosheti za nyama. Aliniuliza mbele ya watu nataka zawadi gani, na nadhani alikuwa ameshaandaa saa ya ukutani, kwa sababu alishtuka nilipoomba brashi. Walinzi walicheka. Nilipewa vyote viwili.

Saa inakwenda mbele dakika kumi. Brashi niliitundika nyuma ya nyumba, kwenye msumari ulio chini ya bomba linalovuja, ambalo fundi ameahidi kulitengeneza tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Sikuiweka pale kwa hila yoyote. Msumari ndio uliokuwepo. Masika haya nilipokwenda kuchota maji nikaona mpini wake, pale mti unapokutana na waya, umeanza kuwa kijani.

Inaweza kuwa kuvumwani ya kawaida, ile inayoota kwenye kila mtungi. Macho yangu hayafiki tena kwenye vitu vidogo kiasi hicho. Nimempigia simu Spès, nikamweleza, akauliza kama kuna wekundu wowote. Nikamwambia sijui, Mademoiselle, njoo na lupu. Amesema atafika.

Binti yangu alitaka kulitengeneza bomba jana. Nimemkataza. Na nimewaambia watu wote wa nyumba hii, wakubwa kwa wadogo, brashi ile isisuguliwe.